Siafu Wana Ndege Wao

Ndege mwenyewe wala si adimu. Hilo ndilo lililoniudhi tangu siku ya kwanza. Angekuwa adimu ningesema nimemkosa kwa sababu hayupo, nikarudi zangu nyumbani nikalala. Lakini huyu yupo. Yupo msitu mzima wa Amani, yupo korongoni nyuma ya nyumba yetu, na asubuhi akipiga filimbi yake mtu anaisikia akiwa chooni. Ila kumwona, ng'o.

Aliyenitia katika mateso haya ni Hatibu, mkubwa wa waongoza wageni kijijini kwetu. Hatibu ni mtu wa Tongoni, wa pwani kabisa. Alipanda huku milimani kumfuata mke, mke akamweka, na msitu akaujua kuliko wengi waliozaliwa humu. Lucas, mmoja wa waongozaji wake, alipooa akateremkia Nguvumali, Tanga mjini, kuuza makava ya simu, nafasi yake ikabaki wazi. Tukaiomba watu wawili, mimi na Anold wa dukani.

Hatibu akatuita kibandani pake, pale njia ya msituni inapoanzia.

"Sitaki mnitajie majina ya ndege mliyokariri," akasema. "Kasuku naye anakariri. Nataka mnionyeshe ndege mmoja tu. Ndege wa siafu."

Anold akacheka. "Kaka Hatibu, huyo si wa kawaida tu?"

"Ndiyo maana. Ndege adimu kila mtu anamkodolea macho. Huyu wa kawaida, kila safari mgeni ananiuliza, anayepiga filimbi ni nani, nionyeshe, nami naishia kumwonyesha majani yanayotikisika. Naona haya, wallahi. Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka yenu nina wageni. Atakayeniwekea ndege huyo mbele ya macho haya mawili, si mbele ya masikio, nafasi ni yake."

Nilikuwa naitaka nafasi ile kama mgonjwa anavyotaka maji. Tangu nilipomaliza darasa la saba nachuma chai na mama. Kuchuma chai si kazi mbaya kwa anayeipenda, lakini mimi siipendi. Unashinda umeinama, macho yako kwenye majani mawili na chipukizi, na msimamizi akikuona umeinua kichwa kumtazama ndege anakuuliza kama ni huyo ndege atakayepandishwa kwenye mizani. Nilitaka kazi ambayo kuinua kichwa ndiyo kazi yenyewe.

Sura ya ndege Hatibu alitueleza. Mkubwa kidogo kuliko shore. Mgongo kahawia, kifua na tumbo rangi ya tofali lililochomwa likaiva. Mkia ndio kitambulisho: pembeni mwekundu wa kutu, katikati mstari mweusi, na ana tabia ya kuupandisha polepole kisha kuuachia ghafla, kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Hapendi mwanga. Anakaa chini, kwenye kamba za miti na mashina. Filimbi yake ni ndefu, inashuka, halafu mwishoni inatetemeka kama filimbi ya refa yenye punje ndani.

"Na siafu anawala?" nikauliza.

"Ungekuwa wewe ungewala? Anakula wanaowakimbia."

Nikaanza kwa kukaa. Kukaa najua. Nikachagua mkuyu wenye mizizi iliyosimama kama kuta, nikajibanza katikati ya mizizi miwili, kanga begani, nikatulia mpaka vinyonga wakaniona kuwa sehemu ya mti. Asubuhi kabla ya chai nilikuwa pale, na jioni baada ya chai nilikuwa pale. Nikaona mengi ambayo sikuyaomba. Nikamwona paa mdogo anakuja kunusa kandambili zangu. Nikaona nyani akimchapa mtoto wake. Ndege wa siafu nikamsikia tu, huko ng'ambo ya kijito, kana kwamba anajua nilipo na anazunguka.

Siku moja nikaona majani makavu yanarushwa. Ndege wa kahawia alikuwa anayapekua, rusha kushoto, rusha kulia, na jua lilipompiga nikaona wekundu. Moyo ukanilipuka. Nikarudi nyuma kwa magoti, kisha nikakimbia mpaka kwa Hatibu, nikamburura hadi pale huku akilalamikia kifua chake. Kwa bahati ndege bado alikuwepo.

Hatibu akatazama mara moja tu. "Huyu?"

"Huyo."

"Bibie Mboni. Huyu mpekuaji tu. Rangi ya tope kutoka kichwani mpaka mkiani. Tena tazama, yule pale mwenzake, na yule, na yule. Wanatembea jamii nzima kama wanakwenda kutoa mahari. Wako anatembea peke yake, wakizidi sana wawili. Wekundu umeuona wapi?"

"Jua lilimpiga."

"Jua likinipiga hata mimi huwa mwekundu."

Mara ya pili nikampelekea mwingine wa kifua cha rangi ya chungwa, mzuri mno, anaimba. Hatibu akaniambia yule ni mwigaji, anaiba milio ya ndege wenzake, na leo kaiba ule ninaoutafuta. Nilirudi nyumbani nimeuma meno. Mama akanitengea ugali nikausukuma. Akasema, "Huyo ndege akikupa chakula uniite na mimi nile."

Nikaona basi, kukaa hakutoshi. Waongozaji wa huku wana desturi yao: wana milio ya ndege kwenye simu. Mgeni akitaka ndege fulani wanaupiga mlio wake, ndege anadhani dume mwingine kaingia kwake, anatoka kuja kugomba, mgeni anamwona. Mlio wa ndege wa siafu nilikuwa nao. Lucas alinirushia kabla hajahama. Nikaanza kuupiga.

Na nikajibiwa! Siku ile ile ya kwanza, kutoka ng'ambo ya korongo, filimbi ndefu, inashuka, inatetemeka. Nikapiga tena, akajibu tena. Nikanyamaza, akanyamaza. Asubuhi ya pili alijibu kwa karibu zaidi. Ya tatu nilisikia mpaka majani yanakwaruzika anaposogea. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nachuma chai nacheka peke yangu, na wachumaji wenzangu wakawa wanasogea kando kidogo.

Nilipoona sasa yuko umbali wa kurusha jiwe, nikamfuata Hatibu. Nikamwambia leo hakuna jua wala mwigaji, leo ni mwenyewe. Tukateremka korongoni kabla umande haujakauka. Nikamchuchumaza Hatibu nyuma ya gogo, nikaupiga mlio kwenye simu yangu.

Filimbi ikajibu.

Hatibu akainua kidole gumba. Nikapiga tena. Ikajibu, karibu. Kichaka kikatikisika. Hatibu akaweka darubini machoni. Nikapiga mara ya mwisho, na kichaka kikafunguka, akatoka Anold. Anatambaa kwa tumbo, majani yamemjaa kichwani, kaning'iniza shingoni kispika kidogo cha kuchaji, na kispika kinapiga filimbi ndefu, inayoshuka, inayotetemeka.

Tukatazamana.

"Wewe ndiye?" akasema Anold.

"Wewe ndiye?" nikasema mimi.

"Lahaula!" Hatibu alikaa chini palepale kwenye matope. Alicheka mpaka akashika mbavu, akawa anatuelekeza kidole mmoja mmoja, hawezi kusema. "Siku zote hizi... siku zote hizi mnaimbiana!"

"Kaka, mimi niliona anajibu vizuri kabisa," akasema Anold, bado yupo chini.

"Atakosaje kujibu vizuri? Mlio mmoja, Lucas mmoja!" Kisha Hatibu akaacha kucheka ghafla, akasimama akajipangusa. "Sasa nimeelewa kwa nini korongo hili limenyamaza. Mwenyewe kasikia wanaume wawili wanagombea shamba lake asubuhi na jioni, hawachoki, hawalali. Kawaachia. Kahama. Marufuku simu, nyote wawili. Nikisikia filimbi yenye betri humu msituni, mwenye nayo akachume chai mpaka kufa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini ardhi ya Amani ni ngumu wakati wa kiangazi, ikanibakisha hapo hapo nisikie mengine. Na mengine yalikuja. Kijijini habari haina haja ya spika. Bombani wanawake wakanipisha foleni kwa heshima kubwa. "Mwacheni Mboni ateke kwanza, mchumba asije akaita hajapata maji." Mtu akijongea nyuma yangu anapiga mluzi. Na mama, mama yangu mzazi, alinikalisha jikoni akaanza kwa sauti ya kanisani.

"Nasikia wewe na Anold mnaitana porini kwa filimbi."

"Mama, ni ndege."

"Wote huanza hivyo. Kijana akikutaka hajifichi kichakani. Anabisha hodi."

"Mama, ni ndege kweli."

"Na mimi nakwambia, hodi."

Ikawa sina simu na sina korongo, na Pasaka inakuja. Nikarudi kwenye mkuyu wangu nikakaa kwa hasira. Nilijua, kila mtu anajua, kwamba ndege huyu ana shughuli na siafu. Jina lake linasema. Lakini kiangazi siafu wanazama chini, huwaoni, na masika mwaka ule yalikuwa yanatuchezea. Mawingu yanapanda kutoka upande wa Tanga mjini asubuhi, yanajaa, yanageuka meusi, halafu yanakwenda kunyesha kwa watu wengine. Nilikuwa nayatazama kama mdai anavyomtazama mdaiwa akipita njia ya pili. Wanakwaya walianza mazoezi ya Pasaka, Pasaka ikafika, tukaimba, tukala wali, na mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo kwamba Jumamosi ya Hatibu sasa iko mlangoni.

Usiku wa kuamkia Jumatano mvua ikaja yote kwa pamoja.

Asubuhi yake niliamshwa na sauti ya mama nyuma ya nyumba. "Siafu! Mboni! Majivu! Lete majivu!"

Kwetu siafu wakiingia kila mtu ana kazi yake. Mmoja anatoa kuku, mmoja analeta majivu ya mekoni, mmoja anamwaga mafuta ya taa, na wote kwa pamoja wanarukaruka. Hayupo anayesimama kutazama. Nikakomba majivu kwenye beseni, nikazunguka nyumba mbio. Ukanda mweusi ulikuwa unatoka migombani, umekuja umetandaa uani kama uji uliomwagika, na ncha yake inaelekea banda la kuku. Panzi wanaruka, mende wanatoka, buibui wanakimbia na watoto wao mgongoni.

Na juu ya mgomba ulioanguka, hatua chache tu kutoka kwenye ukanda, alikaa yeye.

Sikuhitaji mtu kuniambia. Kifua cha tofali. Mkia ukapanda polepole, mwekundu pembeni, mweusi katikati, ukaachiwa. Alishuka chini, akadokoa panzi pembeni kabisa mwa siafu, akaruka kurudi kwenye mgomba kabla hawajamgusa kucha. Nikasimama na beseni langu.

"Unangoja nini? Mwaga!" mama akasema.

"Mama, usimwage."

"Nisimwage?"

"Ndege."

Mama akamtazama ndege. Akanitazama mimi. "Mboni, mtetea wangu ameatamia! Mayai yameanza kutoboka!"

"Ukimwaga siafu watageuka, na ndege ataondoka nao. Nakuomba mama. Mpaka Hatibu aje."

Hapo ndipo Anold alipojitokeza kwenye kijia, kainama, anafuata mstari wa siafu kutoka msituni kama mtu anayefuata kamba ya mbuzi wake. Alipoinua kichwa akamwona ndege, akaganda. "Mboni," akanong'ona, "huyo si..."

"Ndiye. Nenda kamwite Hatibu."

"Niende mimi? Nenda wewe. Mimi nimewafuata siafu hawa kutoka juu huko."

"Yupo kwetu."

"Siafu ni wangu."

Nilielewa hesabu yake kwa sababu ndiyo yangu pia. Anayekwenda anaweza kurudi akute ndege hayupo, na anayebaki hana wa kumwonyesha. Simu yangu haishiki mtandao pale uani mpaka upande kwenye mwamba, na Hatibu naye asubuhi simu yake huwa imezimwa. Tungebishana pale kwa minong'ono mpaka siafu wamalize shughuli zao waende, kama si mama.

"Anold, mwanangu," mama akasema, "shikamoo sijaisikia, lakini nitakusamehe. Kimbia kamwite huyo Hatibu, aje aimalize kesi hii niokoe mayai yangu."

Mzazi akikutuma utafanya nini? "Shikamoo mama," Anold akasema, akatoka mbio huku ameuma midomo.

Mama akanigeukia. "Na wewe. Nikikuta yai limeliwa, utaatamia wewe."

Nikabaki nimesimama. Sijui ilikuwa muda gani. Najua kwamba nilimwona kuliko nilivyowahi kumwona ndege yeyote. Alikuwa hafanyi haraka. Anachagua mahali pa juu kidogo, shina, kipande cha ukuni, anakaa kimya anawaacha siafu wamfanyie kazi ya kufukuza. Mdudu anayekimbilia kwake ndiye wake. Siafu wakisogea, naye anasogea kituo kimoja mbele. Mara mwenzake akaja, kidogo tu, akala buibui, akaenda. Hakupiga filimbi hata mara moja. Alikuwa na kazi. Nikawaza, mwezi mzima tumemtafuta kwa sauti ndege ambaye anapokula hasemi.

Siafu walinifikia miguu. Wa kwanza aliuma kwenye kifundo, nikabana pumzi. Wa pili, wa tatu, wakapanda chini ya kanga. Ukiinua mguu, ndege anaruka. Sikuinua. Machozi yakanitoka yenyewe bila kuniuliza. Pembeni nilimsikia mama anamtoa mtetea kwa kikapu, mtetea anapiga kelele, mama anapiga kelele zaidi yake. "Wameingia kwenye yaliyotoboka! Mboni! Wameingia!"

Halafu nikasikia viatu vizito. Hatibu alifika anahema, darubini inambamiza kifuani, Anold mbele yake anatangaza, "Kaka, ndege wangu yule pale."

Nikanyoosha kidevu kuelekea migombani. "Chini. Kwenye gogo la mgomba. Kaka Hatibu, usisogee mbele."

Akasogea mbele. Akaweka darubini machoni, anazungusha kile cha kusafisha picha. "Naona mgomba... naona jani... ngoja... hapo naona..."

"Chini yake, kulia."

"Ngoja, ngoja, mkia, naona mki... ALLAH!"

Alikuwa amesimama katikati ya ukanda. Siafu walikuwa wamempandia ndani ya suruali mpaka mahali ambapo mtu hawezi kuvumilia mbele za watu. Hatibu, mkubwa wa waongozaji, aliruka, akajipiga mapaja, akazunguka, akalegeza mkanda, akakumbuka mama yupo, akaukaza, akaulegeza tena akakimbilia nyuma ya choo. Ndege akaruka zake. Mama akaninyang'anya beseni la majivu, akalipindua lote.

Kelele zilipotulia nikaenda kusimama upande wa pili wa choo. Vichwa vya siafu vilikuwa bado vimening'inia miguuni mwangu.

"Kaka Hatibu, umemwona?"

Sauti ikatoka nyuma ya makuti. "Niliona mkia."

"Mkia wa rangi gani?"

"Mwekundu. Mstari katikati."

"Basi umemwona."

"Mkia si ndege, bibie."

"Kama usingeruka..."

"Kama nisingeruka nisingezaa tena!"

Mama akadakia kutoka bandani, mikono imevimba, amepakata kikapu. "Hatibu baba, na vifaranga vyangu visivyo na vichwa, hao ni kuku au si kuku?"

Hatibu alitoka akiwa ameshajiweka sawa, lakini uso hautaki kututazama. "Mboni, Jumamosi uje. Utatembea nyuma ya wageni, mimi mbele. Nusu ndege, nusu kazi. Nusu iliyobaki ninataka kuiona."

"Na mimi niliyekimbia?" Anold akauliza.

"Wewe njia nzima ulinionyesha mgongo wako. Baki dukani uuze spika."

Nilitaka kulia, nilitaka kumrushia beseni. Nusu kazi! Mwanamke akisimama katikati ya siafu bila kutikisika anapata nusu, mwanaume aliyekimbilia chooni ndiye mpimaji. Lakini nikasema ahsante kaka, kwa sababu nusu ya kitu ina mlango wa nusu nyingine. Jioni ile mama alinikatalia chakula, na sikumlaumu.

Jumamosi wageni walikuja, watu wazima wazima wenye kofia pana. Kazi ya anayetembea nyuma ni kubeba chupa za maji, kuangalia asibaki mtu na kufunga mdomo. Hatibu mbele anaeleza, naona kofia tu. Mgeni wa mwisho alikuwa mama mmoja mwenye goti bovu na kamera ndefu, anayejua maneno kadhaa ya Kiswahili na anayatumia yote. "Pole pole," ananiambia kila baada ya mzizi. "Pole pole," namjibu.

Tulipofika penye kona ya mkuyu wangu, Hatibu akapaza sauti kule mbele. "Siafu! Siafu njiani! Rukeni! Haraka, haraka, msisimame!"

Na wote wakaruka. Mmoja baada ya mwingine, kofia inapanda, inashuka, wanakimbia mbele wakijipangusa soksi, Hatibu anawahimiza kama mchungaji wa mbuzi kwenye mto. Nami nikasimama pale na chupa zangu, nikawatazama wakikimbia. Hivi ndivyo walivyofanya miaka yote. Kila mwongozaji, kila safari. Wanatafuta ndege wa siafu msitu mzima, na wakiwaona siafu wanakimbia.

Mama wa kamera alikuwa ameinua mguu wake mzima aruke. Nikamshika mkono wa shati.

"Nini?" akasema.

Nikaweka kidole mdomoni. Nikamrudisha nyuma kidogo, mahali pakavu pasipo na siafu, nikachuchumaa, naye akajikunja na goti lake. Miguu ya wengine ikaishia mbali. Majani yakatulia.

Akaja. Akatua kwenye kamba ya mti, chini kabisa, kifua kizima wazi. Mkia ukapanda polepole, ukaachiwa. Akashuka, akadaka panzi, akarudi palepale. Mama wa kamera alisahau maneno yake yote ya Kiswahili. Nikasikia kamera inaguguna, taratibu, kama panya.

"Mboni!" Hatibu anaita kutoka mbele. "Mboni, mmekwama wapi?"

Sikujibu. Nikijibu anaondoka. Nisipojibu, Hatibu anakuja, na akija anaondoka. Nilimwona ndege mzima, nusu zote mbili, na mtu pekee aliyepaswa kumwona alikuwa anakuja mbio na viatu vyake kumfukuza. Viatu vikafika. Hatibu akaruka juu ya siafu kwa mbwembwe, akatua kishindo, na kamba ya mti ikabaki inatikisika peke yake.

"Kuna nini hapa? Mgeni kaumia?"

Nilishindwa hata kumtazama. Mama wa kamera ndiye aliyemjibu. Aligeuza kamera yake, akamwekea Hatibu kioo chake kidogo chini ya pua. Hatibu akatazama. Akavua kofia, akaweka kivuli, akatazama tena. Ndege alikuwepo mzima, mkia umesimama, panzi mdomoni, na chini yake siafu.

"Hii ni picha," akasema mwishowe. "Nilisema kwa macho."

"Na hicho unachoitazamia ni nini, kaka? Magoti?"

Hatibu akamrudishia mgeni kamera yake kwa mikono miwili. Kisha akageukia mbele akapaza sauti, na mara hii hakusema rukeni. "Rudini! Rudini wote, simameni hapa, msitikisike!" Akanichukua zile chupa za maji akazitundika begani mwake. "Mboni, pita mbele. Wapange unavyotaka."

Nikapita mbele. Nikawapanga pembeni mwa siafu, kofia kwa kofia, nikawaonyesha kwa vidole wasisogee. Tukangoja. Mmoja akapiga chafya. Mwingine akaanza kujikuna, mwingine akafungua pakiti ya biskuti yenye kelele kama moto wa mabua. Kamba ya mti ikabaki tupu. Tukangoja tena. Siafu walikuwa wameshaanza kunipanda soksi, nami nikabana pumzi nikaitazama ile kamba.

Na Hatibu, nyuma kabisa, amebeba chupa za maji, akawa anawatuliza wageni kwa Kiingereza chake cha pole pole. Nilimwelewa kila neno.

"Msijali," anawaambia. "Huyu ni wa kawaida tu. Yupo msitu mzima."